Kamanda, takwimu zako zinasomeka?

(Haya ni mazungumzo yangu na vijana wa chama, kata ya Nyambureti, wilaya ya Serengeti. Nimeyaandika kwa ajili ya makamanda ambao hawakuweza kufika.)

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuwasilisha takwimu. Najua kuna watu hapa wameshakata tamaa kabla sijaanza, wanasema hesabu waliziacha shuleni. Subirini kidogo. Siku itafika tutachagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Mgombea wetu atasimama mbele ya watu wanaomjua tangu akiwa mtoto. Akisema tu "fedha zinaliwa", hajasema kitu, maana kila mtu anasema hivyo. Lakini akionyesha ni kiasi gani, zilitoka wapi na zikaenda wapi, na bibi aliyekaa nyuma kabisa akaelewa, hapo ana kesi.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nitawaambia hivi: grafu ni shahidi. Shahidi mzuri anajibu swali aliloulizwa, anasema amejuaje, na haongezi chumvi. Akikutwa ameongeza chumvi mahali pamoja tu, hata yale ya kweli aliyosema hayasikilizwi tena. Na sisi wa upinzani, jamani, hatuna nafasi ya kukutwa hata mara moja.

Haki tunayo. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa. Mkutano wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe pale. Tatizo ni kwamba taarifa inaweza kusomwa yote, tarakimu mpaka ya mwisho, na watu wakaondoka bila kujua chochote. Kazi yetu inaanzia hapo.

Kwanza: picha moja, jambo moja. Nikiangalia slaidi za vijana wengi, nakuta kichwa cha habari "Mapato na Matumizi 2023/24", chini yake mistari ishirini ya namba. Hiyo ni karatasi ya mhasibu. Tuseme kijiji kimekusanya milioni 12, na milioni 9 zimekwenda kwenye posho. Basi kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili: "Katika kila shilingi nne, tatu zilikwenda kwenye posho." Halafu chora nguzo mbili tu: posho, na mengineyo yote. Zile namba nyingine ziwe kwenye daftari lako, ukiulizwa unazo.

Pili: nguzo zianzie sifuri. Nazungumzia ile grafu tuliyochora shule ya msingi, grafu kwa mihimili. Chukueni mkoa wetu. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,743,830. Sensa ya 2022 ikapata 2,372,015. Tumeongezeka kwa asilimia 36 hivi. Sasa mtu akichora nguzo hizo mbili, lakini namba za pembeni akaanza na 1,600,000 badala ya sifuri, nguzo ya 2022 itaonekana ndefu zaidi ya mara tano ya ile ya 2012. Namba hajazigusa, zote ni sahihi. Ila jicho limedanganywa. Watawala wakitufanyia hivyo tuwaumbue, na sisi tusiwafanyie wananchi hivyo hata kama tunaona kesi yetu ni nzuri.

Tatu: chagua mchoro kwa swali, usichague kwa uzuri. Watu wanapenda sana ile grafu ya duara, kama chapati iliyokatwa vipande. Inafaa ukitaka kuonyesha mgawanyo wa kitu kimoja, vipande viwili au vitatu. Lakini ina tabia ya kuficha ukubwa wa chapati yenyewe.

Mfano ni uchaguzi mkuu. Ukichora duara la kura za urais za 2015 na jingine la 2020, utaona vipande tu: 2015 mgombea wa CCM asilimia 58, 2020 asilimia 84. Mjadala unaishia hapo. Sasa weka nguzo. Mwaka 2015 walioandikishwa ni milioni 23.2, waliopiga kura milioni 15.6. Mwaka 2020 walioandikishwa ni milioni 29.8, waliopiga kura milioni 15.1. Umeona? Daftari limeongezeka watu zaidi ya milioni 6, na kura zikapungua karibu nusu milioni. Duara haliwezi kukuonyesha hilo hata kidogo.

Na hizo ni namba za Tume yenyewe. Matokeo ya 2020 upinzani tuliyakataa, mnajua. Lakini mahakamani ushahidi mtamu kuliko wote ni ule unaotoka kwenye nyaraka za upande wa pili. Ila muwe makini: grafu hii inaonyesha watu hawakwenda. Haisemi kwa nini hawakwenda. Sababu ni hoja yako, itetee kwa mdomo wako, usiibandike kwenye grafu kana kwamba imepimwa.

Nne: asilimia ichorwe, isitajwe tu. Ile mikopo ya halmashauri, sheria inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Ukisema "asilimia nne" kwenye mkutano, wengi wataitikia kwa heshima tu. Chora visanduku 100, kumi kwa kumi. Paka vinne rangi. Waambie: katika kila shilingi mia halmashauri inazokusanya yenyewe, hizi nne ni za kijana wa Nyambureti. Mnajua zilipo? Hapo hata aliyelala ataamka.

Tano: rangi. Huku kwetu kijani na njano si rangi tu, ni CCM. Ukipaka kijani kwenye kitu kizuri na nyekundu kwenye kibaya kama wanavyofanya kwenye vitabu, umemchanganya mtu wako. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Tumia rangi moja iliyokolea kwa kile unachotaka kionekane, vingine vyote kijivu. Na andika jina juu ya nguzo yenyewe, usimtume mtu pembeni kutafuta maana ya rangi.

Sita: chanzo. Chini ya kila mchoro andika namba imetoka wapi na ya mwaka gani. Mnakumbuka mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi kukawa kosa la faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kelele zikapigwa, ndani na nje, na mwaka 2019 ikarekebishwa tena. Pamoja na hayo, mstari mmoja wa chanzo ndiyo kinga yako ya kwanza, na ndiyo heshima yako kwa msomaji.

Mtaniuliza, dada, projekta iko wapi? Haipo, na haihitajiki. Mwaka 1900, kwenye maonesho makubwa ya Paris, W. E. B. Du Bois na vijana wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipeleka chati za maisha ya watu weusi wa Marekani, hasa wa jimbo la Georgia: ardhi waliyomiliki, elimu, kazi. Walizichora kwa mkono, kwa wino na rangi. Dunia ilikuwa ikisema mtu mweusi hawezi kuendelea, wao wakajibu kwa karatasi.

Sisi tuna karatasi ya manila na maka peni. Herufi ziwe kubwa. Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi na tano, kama husomi, andika upya. Ukiipiga picha kwenda WhatsApp, iangalie kwanza kwenye simu ndogo kuliko zote mlizonazo.

Halafu kuna jaribio moja la mwisho. Mwonyeshe mama yako bila kumweleza. Muulize ameona nini. Akikujibu ile sentensi uliyoikusudia, nenda nayo mkutanoni. Akisema "mbona sielewi", mwenye kazi ya kurekebisha ni wewe.

Kabla ya mkutano wa kijiji unaokuja, kila tawi liombe taarifa ya mapato na matumizi, lichague jambo moja, lichore manila moja. Moja tu, ila iwe ya kweli.

 Maswali karibuni, tuanze na wazee.