Chatu na Pande Mbili

Msikilizaji, nyoka hutafuta joto nje ya mwili wake. Akipoa huenda penye joto, akizidiwa huhama. Ukimfungia ndani ya sanduku la kioo, ahamie wapi?

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa, husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin hadi Marekani na Ulaya. Kwao mchana hujificha kwenye mashimo ya panya, penye unyevu. Sebule inayopashwa joto majira ya baridi ni kavu mno. Ndipo gamba linapotoka vipande vipande, na kipande cha jichoni hubaki kimeganda. Usikibandue kwa kucha! Mwone daktari wa wanyama.

Mfugaji afanye nini? Aweke pande mbili. Upande wa joto uwe nyuzi 31 au 32, wa pili 26 hivi. Pande mbili, na kila upande uwe na maficho yake.

Taa au mkeka wa joto uunganishwe na kidhibiti joto, maana nyoka anaweza kulalia kinachomuunguza asiondoke. Pima joto na unyevu kwa kipimo, si kwa kiganja. Macho yakigeuka ya kijivu, anakaribia kujivua: weka kitambaa kibichi ndani ya maficho. Lakini sakafu isilowe, atatoka malengelenge tumboni.