Mzigo wa Kupita na Ushuru wa Forodha

(Maelezo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo, Tabora)



Safari iliyopita mlituuliza swali ambalo hatukulijibu sawasawa. Mlisema: mabehewa yanapita hapa stesheni yamejaa mali ya ng'ambo, yamefungwa lakiri, na ushuru wa Tanzania hayalipi. Lakini mtu wa hapa akiagiza bidhaa kutoka nje, anatozwa. Kwa nini? Tulikwenda tukasoma, na leo tumekuja kulipa deni.

Ushuru wa forodha ni kodi ya mali inayovuka mpaka. Jambo hili halikuletwa na reli. Wazee wetu waliijua hongo. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa na Ugogo, ukafika hapa Unyanyembe, kisha ukaendelea mpaka Ujiji. Njiani watawala walidai chao: nguo, shanga, waya. Hiyo ndiyo ilikuwa forodha ya siku zile, ila risiti hakuna! Na pwani Sultani wa Unguja alikuwa na forodha yake. Mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa mali iliyoingizwa. Maana yake mali ya riale 100 ililipiwa riale 5.

Sasa sikilizeni habari ya hapa kwetu. Mtemi Fundikira aliwaacha wafanyabiashara wa Kiarabu wakae Tabora bila kutozwa kodi ya bidhaa zao. Biashara ikastawi. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sere akashika utemi, akatangaza kuwa mali inayoingia nchini mwake itozwe. Wale waliozoea msamaha wakakataa. Wakapigana naye, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere akahangaika porini miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1865. Mnaona basi, msamaha wa kodi ni rahisi kuutoa, kuurudisha ndiyo kazi. Baadaye Mirambo wa Urambo naye aligombana na wafanyabiashara hao, na mwaka 1871 akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Aliyeshika njia alishika biashara.

Tuje kwenye reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu sawa na njia ile ile ya misafara. Vita ikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji huu wa Tabora. Vita ilipokwisha Waingereza walichukua Tanganyika, na Wabelgiji wakachukua Ruanda na Urundi. Lakini Wabelgiji walitaka mlango wa bahari. Ndipo mwaka 1921 Waingereza wakawakodisha viwanja viwili, kimoja bandarini Dar es Salaam, kingine Kigoma. Kodi yake? Faranga moja kwa mwaka. Muda wake? Milele. Viwanja hivyo vikaitwa Belbase. Mali ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ilishushwa Dar es Salaam, ikapanda reli, ikapita hapa Tabora, ikaingia melini Kigoma, bila kulipa ushuru wa Tanganyika.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba mkataba huo hautaifunga Tanganyika. Waingereza wenyewe walikabidhiwa nchi kwa muda tu. Aliyepanga nyumba kwa muda hawezi kumkodishia mwingine chumba milele. Tazameni lakini: Mwalimu hakusema mizigo ya jirani isipite. Alikataa ardhi yetu kufungwa milele.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili. Ushuru hulipwa pale mali inapokwenda kutumika. Mzigo wa Burundi utalipiwa kwao. Sisi tunapata nauli ya reli, malipo ya bandari, na kazi za upakiaji. Hivyo ndivyo ilivyo bandari kavu ya Isaka, kwenye reli ya Mwanza, iliyoanza mwaka 1999: Wanyarwanda na Warundi walichukulia mizigo yao pale badala ya kuifuata baharini.

Eneo huru ni ndugu yake. Ni kipande cha nchi kilichozungushiwa ua. Kipo ndani ya nchi, lakini kwa hesabu ya ushuru ni kama kiko nje. Kiwanda cha mle kikileta kitambaa, hakilipi ushuru. Kikishona mashati na kuyapeleka ng'ambo, hakilipi. Shati likitoka langoni kuja kuuzwa Tabora, hapo limeingia nchini, lazima lilipiwe. Zanzibar ilitunga sheria ya maeneo kama hayo mwaka 1992. Bara ilitunga yake mwaka 2002: kiwanda kiuze nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake, na kisamehewe kodi ya mapato miaka 10.

Sisi hatusemi ni vibaya. Ila mwenye kusamehe kodi aulizwe anapata nini badala yake. Kama kitambaa kinatoka mbali na pamba ya Igunga imelala ghalani, faida yetu ni mishahara ya washonaji tu. Kama pamba ya Igunga ndiyo inayonunuliwa, mkulima naye amepata soko. Hilo mnaweza kumwuliza mbunge wenu.

Tena kuna jambo la hatari. Mwenzetu mmoja wa kisomo aliuziwa mafuta ya kupikia njiani, madumu kwa madumu, kwa bei ya kutupa. Kumbe ulikuwa mzigo wa kupita, lakiri imekatwa. Aliyemwuzia alitoweka. Mafuta yakakamatwa, mtaji wake wote ukaenda, naye akaitwa kujieleza, kwa sababu sheria humshika hata mnunuzi. Alikuwa anajua kusoma. Hakuomba karatasi, basi.

Alhamisi ijayo mwenye karatasi yoyote ya forodha, hata ya zamani, aje nayo. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.