Nenosiri Moja kwa Kompyuta Zote za Kaunti

Hotuba ya afisa wa TEHAMA kwa wakuu wa idara na maafisa wa TEHAMA wa kaunti ndogo

 

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika afisi nyingine, mwanagenzi aliyetusaidia kuweka kompyuta alimaliza muda wake akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Lakini aliondoka akilijua nenosiri la akaunti ya msimamizi, ile iitwayo Administrator, na nenosiri hilo lilikuwa moja kwa kompyuta zote za jengo: za mapokezi, za uhasibu, hata ya mkurugenzi. Mkubwa wangu akaniambia, "Badilisha zote leo."

Nikaandika skripti, yaani faili fupi la amri. Niliipa orodha ya majina ya kompyuta, jina moja kwa kila mstari, pamoja na amri ya net user yenye nenosiri jipya. Skripti ilisoma jina, ikaifikia kompyuta hiyo kupitia mtandao, ikabadilisha, ikaenda kwa inayofuata. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimemaliza, na nilijiona fundi kwelikweli.

Wiki iliyofuata niliona mambo mawili. Kompyuta zilizokuwa zimezimwa, na zile za mkononi zilizokuwa nje kikazi, zilibaki na nenosiri la zamani, na skripti yangu haikuweka rekodi ni zipi. La pili ndilo lililoniaibisha. Faili lenyewe nililisahau kwenye folda ya pamoja. Karani mmoja alilifungua akitafuta fomu ya likizo, akalikuta nenosiri limeandikwa wazi. Mwanagenzi mmoja aliyejua siri alikuwa ameondoka, na mimi nikawa nimeitangazia afisi nzima.

Hata wakubwa wa kazi hii waliteleza hapo. Microsoft ilikuwa na njia ya kusambaza nenosiri la msimamizi kupitia Group Policy. Lilifichwa kwa msimbo ndani ya faili ambalo kila mwenye akaunti kwenye mtandao wa afisi angeweza kulisoma, na ufunguo wa msimbo huo Microsoft yenyewe ilikuwa imeuchapisha. Mwezi Mei 2014 ilitoa sasisho la kuifunga njia hiyo, lakini sasisho halikufuta mafaili yaliyokuwapo. Kwa hivyo, maafisa wa kaunti ndogo, tafuteni neno cpassword kwenye folda ya SYSVOL ya seva zenu. Mkilipata, badilisheni nenosiri hilo siku hiyo hiyo, kisha mlifute faili.

Wakuu wa idara mtauliza: si tulibadilishe tu kila mwezi? Haitoshi, maana hatari iko katika kutumia moja kila mahali. Windows huhifadhi alama inayotokana na nenosiri. Nenosiri likiwa moja, alama ni ile ile kwenye kila kompyuta. Mwizi akipata haki za msimamizi kwenye kompyuta moja ya zahanati, anaweza kuichukua alama hiyo na kuingilia nyingine bila kulijua nenosiri lenyewe. Mwezi Juni 2017, programu haribifu ya NotPetya ilitoka Ukraine ikafika hadi kampuni ya meli ya Maersk. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuiba vibali vya kuingilia kwenye kompyuta moja na kuvitumia kwa jirani zake.

Sisi tunatunza rekodi za wagonjwa, mishahara na ushuru wa wafanyabiashara. Data ya mwananchi ikivuja na kumweka hatarini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data.

Njia tunayohamia inaitwa LAPS. Microsoft iliitoa bila malipo mwaka 2015, na tangu Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe. Kila kompyuta hujitungia nenosiri lake, kwa kawaida herufi 14, hulibadilisha kila siku 30, na kuliweka kwenye Active Directory, ambako ni wale tuliowaruhusu tu wanaoweza kulisoma. Hakuna skripti ya kusahau kwenye folda. Fundi akihitaji kuingia kwenye kompyuta ya wadi, atapewa nenosiri la kompyuta hiyo pekee, nalo litabadilishwa baada ya matumizi. Hata mwanagenzi wetu angeondoka bila ufunguo wowote wa maana.

Kwa wadi ambako mtandao hukatika, msiwe na wasiwasi. Kompyuta isiyoifikia seva haibadilishi nenosiri; husubiri hadi mtandao urudi, kwa hivyo lililo kwenye rekodi hubaki lile lile linalofanya kazi. Ila msifute jina la kompyuta kwenye Active Directory kabla ya kusoma nenosiri lake. Ukilifuta, nalo limekwenda.

Tutaanza na kompyuta za afya, kisha fedha. Wakuu wa idara, ninachoomba kwenu ni orodha ya kompyuta zote mlizo nazo, zikiwemo zile zilizofungiwa kabatini na zile ambazo maafisa wamezipeleka nyumbani. Nawaomba pia mnipe majina ya wanagenzi na wafanyakazi wa kandarasi waliowahi kupewa nenosiri la sasa. Nitazipokea Ijumaa, hapa hapa ukumbini.