Tarehe ya Hedhi na Kipimo cha Sukari: Mada kwa Wakunga na Wauguzi wa Arua na Koboko



1. Utangulizi

Mwanamke akifika kliniki ya wajawazito au ya uzazi wa mpango, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Arua au kituo cha afya karibu na mpaka wa Oraba, huulizwa: hedhi yako ya mwisho uliiona lini? Tarehe huandikwa, umri wa mimba hukadiriwa, daftari hufungwa. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lina kazi ya pili: linaweza kutuonyesha mapema aliye katika hatari ya kisukari.

2. Uhusiano wa hedhi na sukari

Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa kawaida ni siku 21 hadi 35. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi zaidi ya 100,000. Wale ambao mzunguko wao ulifika siku 40 au zaidi, au haukutabirika kabisa, walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili karibu mara mbili ya wenzao.

Hedhi iliyovurugika haileti kisukari. Mara nyingi vyote viwili vina chanzo kimoja. Mwili usipoitikia insulini vizuri, kongosho hutoa nyingi zaidi. Insulini hiyo ya ziada huchochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, yai halipevuki, na hedhi huchelewa. Ndivyo ilivyo kwa wengi wenye ovari za vifuko vingi, tatizo ambalo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa.

3. Hali yetu

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta kisukari kwa 1.4% ya watu wazima wa Uganda, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanacho. Mwanamke wa namna hiyo, mwenye hedhi iliyovurugika, anapita mikononi mwetu, akilaumiwa nyumbani kwa kutoshika mimba, na hakuna aliyempima sukari.

4. Tahadhari

Si kila hedhi iliyoruka ni dalili ya hatari. Aliyevunja ungo karibuni, anayenyonyesha, anayekaribia kukoma hedhi na anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, wote hedhi zao hubadilika. Njaa na msongo wa mawazo pia huzuia hedhi.

5. Mapendekezo

(a) Tuulize pia: kati ya hedhi na hedhi hupita siku ngapi?

(b) Zikizidi 35, tupime mimba kwanza. Kisha tutazame ndevu kidevuni na weusi shingoni, tuulize kama kuna ndugu mwenye kisukari, au kama yeye mwenyewe alikipata akiwa mjamzito.

(c) Tumpime sukari asubuhi kabla hajala. Ikiwa 6.1 hadi 6.9 mmol/L, ni onyo; ikifika 7.0 au zaidi, kipimo kirudiwe ili kuthibitisha.

(d) Mwenye uzito uliozidi tumshauri apunguze soda na sukari ya chai, enyasa (ugali wetu) iwe ya kiasi, maharage na mboga ziongezeke. Kupunguza hata 5% ya uzito kunaweza kurudisha hedhi.

Wenzangu, swali tunaliuliza kila siku na kipimo ni tone moja la damu. Tuviunganishe, kuanzia kliniki ya kesho.