JAWABU LA CHUO KWA UMMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na vijana, Wete, Pemba)



Hatukusimama hapa kuilaumu elimu. Mpemba hahitaji kuhubiriwa elimu. Wangapi kati yetu wamechuma na kuanika karafuu ili kijana apande meli akasome? Tumesimama kuuliza jambo moja: Chuo Kikuu cha umma kinapobadili kanuni zake, au kinapoingia katika mzozo, humjibu nani, tena kwa namna gani?

Tutazame Dar es Salaam, kwani huko mafunzo yapo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sharti la kulitumikia Taifa kwa muda mrefu huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Walitaja pia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Adhabu ile ilikuwa kali mno, na wengi walirudishwa baadaye. Lakini siku ile ile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tusiyoyapenda tumeyasema, na hili pia tulikiri, kwamba aliyeulizwa alijibu kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Mwaka 1971 mambo yalikuwa kinyume. Mwezi wa Julai, Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, wakati Mwongozo wa TANU wa mwaka ule ule ukikataza viongozi kuwa na kiburi. Barua haikujibiwa kwa barua. Askari wa kutuliza ghasia waliingia Chuoni wakamchukua, naye akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wakagomea masomo. Hoja iliyoweza kujibiwa kwa karatasi moja ikawa fitina ya Chuo kizima.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974: kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe nafasi Chuoni. Nia yake ilielezwa vizuri. Madhara yake hayakupimwa: wasichana walipungua, hata ikabidi sharti lilegezwe kwa ajili yao.

Ndugu zetu, nasi tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, na mkono wake umefika hapa Pemba, Mchangamdogo. Ni mali yetu sote, wa chama tawala na wa upinzani. Mkulima apelekapo karafuu kituoni huonyeshwa mizani, na bei ya kila daraja huwa imekwisha kutangazwa. Je, mtoto wake astahili pungufu ya hayo?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kila mabadiliko ya ada, mikopo au masharti yatangazwe kwa Kiswahili, Unguja na Pemba siku moja. Sababu itajwe, na aliyeamua ajulikane. Na kabla ya kanuni kuanza kutumika, iwekwe siku ya wazazi na wanafunzi kusikilizwa.

Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Kimya kingi kina mshindo mkuu; na mshindo huo, wazee wetu, humwangukia mwanafunzi kwanza.

Wabillahi tawfiq.