Mtoto Aliyetamani Kwao

Somo: Luka 15:11-24



Leo tunatembea kwa mawazo mpaka Uswisi. Wageni wengi wameita Masisi yetu Uswisi ya Afrika, kwa sababu ya milima, majani mabichi, ngombe na fromaji. Kule, juu ya mji mdogo wa Maienfeld, kuna nyumba ya zamani iliyofanywa makumbusho ya hadithi moja ya watoto, hadithi ya Heidi. Ndani wamepanga jiko, vitanda na vyombo vya wakati ule. Watu wanatoka mbali kuiona, hata kama Heidi aliishi katika kitabu tu. Aliyemwandika ni Johanna Spyri, ambaye mama yake alitunga nyimbo za Mungu. Kitabu kilitoka mwaka 1880, na sehemu ya pili 1881.

Heidi ni yatima. Akiwa na miaka 5, mama yake mdogo anamwacha mlimani kwa babu, mzee mwenye kinyongo aliyeachana na kijiji na kanisa. Mtoto anazoea mbuzi, maziwa na kitanda cha majani makavu. Kisha anachukuliwa mpaka Frankfurt, Ujerumani, kwa tajiri mmoja. Chakula kipo, kitanda ni kizuri, lakini anakonda. Amekatazwa kulia, basi machozi anayameza. Usiku anatembea akiwa usingizini, anafungua mlango wa nje. Wenye nyumba wanaogopa, wanasema ni mzimu. Daktari ndiye anayetambua: mtoto anatamani kwao.

Wapendwa, watoto kama huyu tuko nao. Vita vimewatoa katika vijiji vyao, na leo wanalala katika nyumba zetu. Mtoto akipiga kelele usiku, ao akikojoa kitandani, ao akinyamaza siku nzima, tunasema upesi: ana pepo, ni mchawi. Tumwombee, ndiyo. Lakini kwanza tukae naye, tumuulize ameona nini, na anamkumbuka nani. Bwana Yesu aliweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, akasema anayempokea huyo anampokea Yeye (Mathayo 18). Hakusema tumfukuze.

Heidi anarudishwa mlimani, na sasa anajua kusoma. Anamsomea bibi kipofu nyimbo za Mungu. Jioni moja anamsomea babu habari ya mwana mpotevu, ile ya somo letu. Usiku ule mzee anaomba. Kesho yake, siku ya Mungu, anashuka kanisani akimshika mtoto mkono, anapatana na kijiji.

Ni wazee wangapi hapa kwetu hawajaingia kanisani tangu ugomvi wa shamba ao wa ngombe? Labda mahubiri yetu hayatawafikia. Mjukuu anayesoma Biblia karibu na moto atawafikia.

Basi juma hili tufanye mambo mawili. Kila nyumba yenye mtoto mgeni, imsikilize. Kila nyumba yenye mtoto anayejua kusoma, imwombe asome Luka 15 mbele ya wakubwa.

Baba, uwarudishe watoto kwao, na wazee kwako. Katika jina la Yesu, Amina.