Redio ya Pikapu Ikinyamaza, Tuanze na Waya



Leo tuzungumze juu ya ile pikapu yetu kuukuu. Mnajua simu huchomekwa kwenye redio yake, na matangazo yetu yanasikika kwa spika sokoni Karatina. Basi, juma la mkutano wa mikopo sauti ilianza kukwaruza, ikabaki upande mmoja, halafu kimya! Wengi hawakupata habari, mkutano ukavunjika. Fundi mmoja akasema tununue redio mpya. Kwa pesa gani? Za sanduku letu!

Tulikataa, tukapima hatua kwa hatua. Kwanza tulifungulia stesheni: ikasikika vizuri, kwa hiyo spika na fyuzi ni nzima. Pili tulijaribu waya mwingine na simu nyingine: kimya. Tatu tulitikisa pini tunduni: sauti ikaja, ikapotea. Hapo tukajua ugonjwa uko kwenye tundu lenyewe.

Tulichomoa kwanza waya hasi wa betri, maana nyaya zikigusana fyuzi huungua. Tukatoa redio. Nyuma ya tundu, risasi inayoshika waya ilikuwa imepasuka kwa mitikisiko ya barabara zetu za changarawe. Kijana wetu mmoja aliilehemu upya, tukafunga waya usivutwe tena.

Wenzetu, kabla ya kufungua sanduku tuulize: kilichoharibika ni nini hasa? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.